Kununua au Kuuza: Mtihani wa Kila Julai kwa Timu za Besiboli

Los Angeles Angels walikosea mwezi Julai 2023, lakini kosa lao silo linalotajwa na wengi. Wengi husema walipaswa kumuuza Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga kwa kiwango ambacho besiboli haikuwa imekiona tangu enzi za Babe Ruth, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya msimu. Hawakumuuza. Desemba akahamia kwa majirani zao, Los Angeles Dodgers, kwa miaka 10 na dola milioni 700. Angels wakaambulia nafasi moja ya ziada ya kuchagua kinda mwaka uliofuata, basi. Ukiutazama mwisho huo peke yake, hukumu ni nyepesi. Mimi naona kumbakiza kulikuwa na hoja nzito. Walipoharibu ni katika bei waliyolipa ili kumtafutia wenzake.

Kwa aliyezoea dirisha dogo la usajili wa soka, yapo mambo mawili ya kuelewa kwanza. Besiboli ya Marekani mara chache humhamisha mchezaji kwa fedha taslimu. Timu hubadilishana wachezaji. Inayoitwa muuzaji hutoa nyota aliyekomaa, mara nyingi aliyebakiza miezi miwili ya mkataba, na kupokea makinda wanaocheza ligi za chini. Mnunuzi ndiye anayetoa makinda hao. Na tangu mwaka 2019 hakuna mlango wa pili. Zamani biashara iliweza kuendelea Agosti kwa masharti fulani. Siku hizi dirisha likifungwa, mwishoni mwa Julai au siku za mwanzo za Agosti, kikosi ulichonacho kwa sehemu kubwa ndicho utakachomaliza nacho. Msimu una mechi 162, na siku hiyo zinakuwa zimebaki hamsini na kitu. Meneja mkuu anaamua akiwa amesoma theluthi mbili tu za kitabu.

Uzito wa makinda unatokana na kanuni za mikataba. Mchezaji akishapandishwa ligi kuu, klabu inammiliki kwa misimu sita kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na katika ile mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola 720,000. Kwa nyota ni fedha ndogo mno. Kwa hiyo anayenunua Julai anatoa miaka ya kesho ili apate wiki za leo, na anayeuza anafanya kinyume chake. Timu inayoongoza kwa mbali haina cha kujiuliza, inanunua. Iliyo mkiani inauza. Mtihani ni wa zile za katikati, na siku hizi ndizo nyingi.

Ni nyingi kwa sababu mlango wa mtoano umepanuliwa. Mwaka 2022 idadi ya timu zinazoingia ilipanda kutoka 10 hadi 12 kati ya 30, na matokeo yalionekana papo hapo. Philadelphia Phillies waliingia kwa nafasi ya mwisho ya ligi yao (ligi kuu ina matawi mawili yanayoitwa ligi, kila moja na kanda zake) wakiwa na ushindi wa mechi 87, wakafika fainali, yaani World Series. Mwaka uliofuata Arizona Diamondbacks walifika huko huko kwa ushindi wa mechi 84 tu. Mwaka 2025 Cincinnati Reds waliingia kwa 83. Ukiwa meneja wa timu inayoshinda na kupoteza kwa kupokezana, utamwambiaje shabiki kwamba msimu umeisha Julai?

Mfano wanaoupenda watetezi wa kununua ni Atlanta Braves wa mwaka 2021, na hata mimi naupenda, kwa sababu unaonyesha kununua vizuri kulivyo. Tarehe 10 Julai walimpoteza nyota wao, Ronald Acuña Jr., aliyeumia goti vibaya. Msimu mzima hadi dirisha linafungwa hawakuwahi kuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Kila dalili ilisema wauze. Alex Anthopoulos, anayesimamia usajili wao, akaleta wachezaji wanne wa uwanja wa nyuma: Joc Pederson, Jorge Soler, Adam Duvall na Eddie Rosario. Braves wakachukua ubingwa wa kanda yao, wakapita mtoano, wakawafunga Houston Astros mechi nne kwa mbili katika fainali. Rosario alikuwa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao, Soler akawa mchezaji bora wa World Series.

Watu hulisimulia hilo kama hadithi ya imani, lakini mimi naangalia bei. Rosario alipatikana akiwa majeruhi, kwa kubadilishwa na Pablo Sandoval, mkongwe aliyekuwa anaelekea ukingoni. Pederson, Soler na Duvall walitoka timu ambazo zilikuwa zimeshakata tamaa, na hakuna aliyegharimu kinda wa daraja la juu. Michael Harris na Spencer Strider walibaki kwenye ligi za chini za Braves bila kuguswa, na mwaka 2022 wawili hao wakashika nafasi ya kwanza na ya pili katika tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi yao. Kama wale wanne wangeshindwa kazi, Atlanta wangepoteza nini? Karibu hakuna.

Sasa upande wa pili. New York Mets mwezi Juni 2025 walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 45 na vipigo 24. Kasi ikapungua, na Julai wakanunua: warushaji wa dakika za lala salama Ryan Helsley, Tyler Rogers na Gregory Soto, pamoja na Cedric Mullins wa uwanja wa nyuma. Helsley, aliyesifika kule St. Louis kwa kurusha mwishoni mwa mechi na kulinda ushindi, akageuka mzigo. Siku ya mwisho Mets walifungwa Miami, wakalingana na Cincinnati kwa ushindi wa 83, wakatolewa kwa kigezo cha mechi zilizowakutanisha wao kwa wao. Makinda waliowatoa hawarudi. Hilo ndilo jambo ambalo sifa za Atlanta huwa zinalifunika: walionunua Julai wakaishia patupu hawahesabiki.

Detroit Tigers nao wanawafaa watetezi wa kuuza. Tarehe 30 Julai 2024 walimpeleka mrushaji wao Jack Flaherty kwa Dodgers, mkataba wake ukiwa unaelekea kuisha, wakawapokea Trey Sweeney na Thayron Liranzo. Wakawaachia wengine pia, akiwemo Mark Canha. Tarehe 10 Agosti walikuwa na ushindi 55 na vipigo 63, na kila mtu alishawazika. Kilichofuata ni mechi 44 ambazo walishinda 31. Wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, wakawatoa Houston, na Sweeney, yule waliyepewa kwa Flaherty, ndiye aliyekuwa akicheza katikati ya ulinzi wao. Flaherty kwa upande wake akatwaa ubingwa na Dodgers, kisha Februari 2025 akasaini tena Detroit.

Nisingependa mtu auchukue mfano huo kama ushahidi kwamba kuuza hakuna maumivu. Tigers waliachia waliokuwa wanaondoka. Tarik Skubal, mrushaji wao mkuu, hawakumgusa, na bila yeye hapakuwa na lolote. Kumwachia mtu wa miezi miwili huku nguzo zikibaki ni jambo moja, kubomoa kikosi ni jingine, ingawa magazeti huyaita yote kuuza.

Klabu hiyo hiyo ina kisa cha zamani ambacho kila Julai hutajwa kama onyo kwa wanunuzi. Agosti 1987 Tigers walimchukua kutoka Atlanta mrushaji Doyle Alexander, mwenye umri wa miaka 36, wakamtoa kijana wa miaka 20, mzaliwa wa jimbo lao la Michigan, aliyeitwa John Smoltz. Smoltz alitumikia Atlanta kwa miaka mingi na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Watu hutikisa kichwa. Lakini Alexander alishinda mechi tisa bila kupoteza hata moja, na Detroit wakaubeba ubingwa wa kanda yao siku ya mwisho ya msimu mbele ya Toronto. Bila yeye wasingeufikia. Walitolewa na Minnesota katika hatua iliyofuata, na hawakuuona mtoano tena hadi 2006. Kwa mzee wa Detroit aliyekuwepo uwanjani Oktoba hiyo, sidhani kama biashara ile ilikuwa hasara tupu. Waliomuuza kijana walipata kile hasa walichokilipia. Wanaowacheka leo wanahesabu miaka ya Smoltz na kuusahau ubingwa.

Upo pia uzito ambao hauonekani kwenye hesabu za makinda, na Milwaukee Brewers waliujua mwaka 2022. Walikuwa kileleni mwa kanda yao, tarehe 1 Agosti, walipomtoa Josh Hader, mrushaji wao wa kulinda ushindi mwishoni mwa mechi, kwa San Diego Padres. Kwa hesabu kavu ilieleweka: mshahara wake ulikuwa unapanda, alibakiza msimu mmoja zaidi, na Milwaukee ni mji mdogo usioweza kushindana na New York kwa fedha. Lakini wachezaji waliobaki walielewa ujumbe mwingine, kwamba wakubwa hawakuwaamini. Walikwenda Pittsburgh kucheza na timu dhaifu wakafungwa mechi zote tatu. Walimaliza na ushindi 86. Nafasi ya mwisho ya mtoano ilichukuliwa na Phillies kwa 87. Mechi moja tu!

Wanaoitetea biashara ile wana jibu zuri. Mmoja wa waliopatikana kwa Hader, Esteury Ruiz, alitumika Desemba hiyo hiyo katika biashara ya timu tatu iliyomleta mdakaji William Contreras, na Brewers wakachukua ubingwa wa kanda yao 2023, 2024 na 2025. Ukipima kwa miaka mitatu, walifanya vizuri. Lakini kikosi cha 2022 hakikuwa na miaka mitatu. Baadhi ya wachezaji wale hawakupata nafasi nyingine na jezi ile, na mimi siwezi kuuita mpango mzuri ule unaovunja moyo wa timu iliyo kileleni. Hapo nasimama na wachezaji.

Nirudi kwa Angels. Mwezi ule walikuwa mechi chache tu nyuma ya nafasi ya mtoano. Hawakuwa wameingia tangu 2014. Mike Trout, nyota wao mwingine, alikuwa nje kwa mfupa wa mkono uliovunjika mapema Julai. Upande wa kumuuza Ohtani una jambo moja ambalo husahaulika: thamani yake sokoni ilikuwa ndogo kuliko jina lake. Mchezaji akihamishwa katikati ya msimu, klabu mpya haipati fidia yoyote akiondoka. Mnunuzi angemlipia miezi miwili tu ya kweli. Na mashabiki wa Anaheim, mji wanakochezea Angels, walikuwa wanalipa tiketi kumwona mtu wa aina yake. Siku moja baada ya habari kusambaa kwamba hauzwi, alirusha mechi nzima mjini Detroit akiruhusu pigo moja tu, kisha katika mechi ya pili ya siku ile ile akapiga mipira miwili nje ya uwanja. Kuwanyima watu hao miezi miwili ya mwisho, na kufuta tumaini lolote la kumshawishi abaki, kungekuwa ni kukiri mbele yake kwamba klabu haina mpango.

Mpinzani wangu atauliza: ukimbakiza bila kumwongezea nguvu, umembakiza kwa nini? Ni swali la haki. Jibu langu ni Atlanta 2021: nunua kwa vitu usivyovihitaji. Angels walimtoa Edgar Quero, mdakaji kijana waliyemtegemea, pamoja na mrushaji Ky Bush, wakawapata kutoka Chicago White Sox Lucas Giolito na Reynaldo López, wote wawili mikataba ikiisha msimu ule. Mwanzoni mwa Agosti wakapoteza mechi saba mfululizo. Giolito alianza mechi sita akiruhusu wastani wa alama 6.89 kwa kila vipindi tisa. Tarehe 23 Agosti Ohtani akachanika kano ya kiwiko. Kabla mwezi haujaisha, klabu iliwaweka wachezaji sita mikononi mwa yeyote atakayelipa mishahara iliyobaki, ili jumla ya mishahara yake ishuke chini ya kiwango ambacho ligi huanza kukitoza kodi. Cleveland wakawachukua Giolito, López na Matt Moore bila kutoa kinda yeyote. Angels walimaliza na ushindi 73 na vipigo 89. Aprili 2025 Quero akaanza kucheza ligi kuu, akiwa na jezi ya Chicago.

Sehemu ya lawama iko kwenye kalenda yenyewe. Mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji unamruhusu kamishna kupanga siku ya mwisho kati ya 28 Julai na 3 Agosti, masharti ambayo kwa mtoano wa timu 12 yamekuwa mapema mno. Wiki mbili zaidi zingewaonyesha Angels ukweli wao. Wauzaji watapinga, na wana haki: nyota wa wiki sita ana bei ndogo kuliko wa miezi miwili, na timu masikini zinaishi kwa bei hiyo. Hata hivyo mkataba huo unaisha 1 Desemba 2026, na pande mbili zitakapokaa mezani ningependa kuona katikati ya Agosti ikiwekwa kwenye ajenda.