Sifuri Kabisa

Jumamosi mchana nilipita kwa kinyozi wangu kabla ya kupanda basi la Morogoro, maana Jumapili nilikuwa nakwenda kujitambulisha ukweni. Kinyozi huyo ni Yanga wa kufa. Mimi Simba. Utani wetu hauna mapumziko: yeye macho kichwani kwangu, mimi macho kwenye kioo naitazama runinga kinyumenyume, na mashine inanguruma sikioni.

Nilikuwa nimefika Mei 2012, ile tano bila tuliyowapiga, nasimulia goli moja moja. Katikati ya hadithi akauliza kitu. Nilichoambulia ni mkia wake tu: "...ngapi?"

"Sifuri!"

Akazima mashine. "Sifuri, bosi?"

"Sifuri kabisa!"

"Una uhakika? Usije ukanilaumu."

"Nilikuwepo bwana, nilihesabu mwenyewe!"

Naona hilo la kuhesabu lilimchanganya kidogo, lakini mteja ni mteja. Mpaka nafika goli la tano, katikati ya kichwa imeshapita barabara ya lami. Mimi huwa nanyoa namba mbili.

"Si umesema sifuri?"

Na kweli nilisema, tena kwa kelele, duka zima shahidi.

Kesho yake mama mkwe mtarajiwa kaniona tu mlangoni, akashika kifua. Sikumaliza hata shikamoo.

"Pole sana, baba."

Hiyo nikajua ni pole ya safari. "Asante mama, nimeshapoa."

"Lini?"

"Jana jioni."

"Na leo umekuja?"

"Nisingeweza kukosa, mama. Nilishaahidi."

Machozi yakamtoka. Akaingia ndani, nikasikia minong'ono, muziki ukazimwa. Nikajisemea, watu hawa wana upendo, safari ya basi tu hii! Mara mzee akatoka na bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Rambirambi yetu ni hii, kidogo tu. Marehemu ni nani yako?"

Ndipo nikajipapasa kichwa. Kwao, kama kwetu, mfiwa hunyoa upara.

Ikabidi nieleze yote: kinyozi, mashine, tano bila. Mzee akanisikiliza kwa upole, asinikatize hata mara moja. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua bahasha yake, akairudisha mfukoni.

"Na Novemba 2023," akauliza, "zilikuwa ngapi?"

Safari hii swali nililisikia lote. Nikaomba maji ya kunywa.