Kila siku tunatupa masaa 12 ya usiku

Kijana mmoja muuzaji wa duka la vifaa vya michezo hapa Tampere, Finland, juzi kanifurahisha sana. Nimeenda kununua tochi ya mchezo wangu wa usiku akaniuliza, unataka ya kutembelea, ya kutafutia, au ya kuchajia visahani? Utacheza kwenye theluji au kwenye matope? Akatoa tochi tano mezani, tukaingia kile chumba chao cha nyuma akazima taa, tukawa tunamulika ukutani moja moja tunalinganisha. Muda wote huo kwa tochi ya chini ya euro 40. Nimetoka pale nina raha mpaka ndani ya basi, halafu raha ikageuka hasira kwa jinsi nyumbani Kigoma tunavyoupoteza usiku, na hiyo hasira ndio imenifanya niandike leo.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ni gofu ya visahani. Kisahani cha plastiki, kidogo kuliko kile cha kurushiana kinachoitwa frisbi na kizito zaidi, unakirusha kutoka sehemu ya kuanzia mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, aliyerusha mara chache ndio mshindi, basi. Kile kikapu cha minyororo alikibuni Mmarekani mmoja, Ed Headrick, miaka ya 1970 kule California, na aliupenda huu mchezo kiasi kwamba alipofariki 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani. Wafini wameubeba kama wa kwao. Viwanja viko kila mahali, misituni, pembeni ya shule, na vingi ni bure, unaingia unacheza unaondoka. Hapo jirani Nokia kuna uwanja unaitwa The Beast ambao mashindano makubwa ya Ulaya yamewahi kuchezwa. Ndio, Nokia hiyohiyo, kampuni ya simu ilichukua jina kwenye huu mji. Ile 1100 ya mwaka 2003 yenye taa kichwani, ambayo sisi Kigoma tuliishi nayo kila umeme ukikatika, jina lake limetoka kilomita kama 15 kutoka ninapolala.

Sasa Desemba hapa jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na karibu saa tisa mchana linazama. Masaa 18 na zaidi ni giza. Nilipofika nilidhani watu watajifungia mpaka Machi. Wapi! Nje kumejaa. Mtoto anateleza kwenye barafu, bibi anatembea na fimbo zake mbili, msichana anakimbia saa tatu usiku peke yake kwenye njia ya msituni ambayo manispaa imeweka taa mwanzo mwisho. Kila mtu ana riflekta, kile kipande kinachorudisha mwanga wa gari, inaning'inia kwenye koti, na sheria ya barabarani inataka hivyo. Na wacheza visahani hao hawaahirishi, wanabadilisha vifaa tu.

Na vifaa nimevisomea kwelikweli, kwa hiyo mnivumilie hapa kidogo, maana wenzangu wa Helsinki na Turku wamekuwa wakiniuliza wanunue ipi. Unahitaji taa mbili. Ya kwanza ya kichwani, ya kutembelea na kuangalia unapokanyaga. Hii usitafute lumeni nyingi, yaani kile kipimo cha wingi wa mwanga, 200 mpaka 400 zinatosha, na theluji ikiwepo chini hata 100 maana theluji inaurudisha mwanga juu. Muhimu mwanga uwe mpana na tulivu, na iwe na taa nyekundu, kwa sababu ukijimulikia mwanga mkali macho yanazoea ule ukali, halafu ukirusha kisahani kinachong'aa hukioni kimeenda wapi. Theluji ikiwa inadondoka ndio balaa, taa ya kichwani inawasha kila chembe mbele ya uso wako unabaki unaona ukuta mweupe, hapo ivue uishike mkononi usawa wa kiuno.

Ya pili ni ndogo, ya mwanga wa UV, ule wa zambarau ambao jicho haliuoni vizuri, ndio ya kuchajia. Vile visahani vya usiku vina unga ndani yake unaokunywa mwanga na kuutoa taratibu, vya kijani ndio vinakaa sana. Unamulika sekunde chache kinawaka vizuri, dakika chache kinaanza kufifia, kwa hiyo unachaji kila kabla ya kurusha. Tochi za UV zinauzwa za nanomita 395 na za nanomita 365, namba hiyo ni urefu wa mawimbi ya mwanga wake. Kwa kuchaji tu hata ile 395 ambayo ni rahisi inafanya kazi yake. Lakini kisahani kikipotea kwenye nyasi, 365 ndio yenyewe, hasa yenye kioo cheusi mbele, kwa sababu haitoi ile zambarau nyingi inayoziba macho, unapitisha taratibu na kisahani kinajitokeza chenyewe. Ni mwanga uleule unaowafanya nge wang'ae, na uleule wanaotumia kukagua noti za bandia dukani. Usimmulike mtu machoni, na watoto wasichezee, jicho halioni ukali wake lakini linaumia.

Betri, baridi inazimaliza. Za alkali, zile za kutumia na kutupa, kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri zinakata mapema mno. Chukua ya lithiamu ya kuchaji, ile inayoitwa 18650, na tochi ikae mfuko wa ndani karibu na mwili mpaka zamu yako ifike. Na kingine, soma boksi. Ule umbali ulioandikwa kwa kipimo cha kawaida ni pale ambapo mwanga umebaki kama wa mbalamwezi ya mwezi mpevu. Yaani ikiandikwa mita 100, kwenye hiyo mita ya 100 unaona kama mtu anayetembea usiku wa mbalamwezi, hakuna zaidi. Kwa kuona minyororo ya kikapu vizuri gawanya kwa mbili.

Nilipoisoma hiyo ya mbalamwezi ndio nikawaza nyumbani mpaka usingizi ukapotea. Kwa sababu sisi mwanga wa mbalamwezi tulikuwa tunauchezea, au mmesahau? Kombolela mpaka mama aite mara ya tatu. Wazee na bao lao chini ya karabai. Na Kigoma ndio usiseme, mji mzima umekula kwa sababu ya taa za usiku. Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa Kibirizi, na mtu mwingine sijawahi kumuona anachagua taa kwa umakini kama yule. Giza la mwezi likiingia wanatoka, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika maana dagaa hawafuati taa. Walipoacha karabai na mafuta ya taa wakahamia taa za LED na betri, alikuwa anabishana na wenzake kuhusu ukali, upana, taa ining'inizwe juu kiasi gani kutoka kwenye maji, hasa vile yule kijana wa dukani alivyokuwa ananieleza. Kwa hiyo asiniambie mtu haya ni mambo ya wazungu. Ukisimama Ujiji usiku wa giza ukaangalia ziwani unaona taa kama mji mwingine umejengwa kwenye maji. Hao ni ndugu zetu wako kazini.

Sasa kinachoniuma. Ziwani usiku ni wetu, nchi kavu tumeuachia nani? Kigoma jua linazama karibu saa moja na kuchomoza karibu saa moja, Januari mpaka Desemba. Masaa 12 ya usiku kila siku ya Mungu, usiku wa nyuzi 20 na kitu, upepo unapuliza, hali ya hewa ambayo Mfini analipia ndege kuifuata. Na sisi saa moja na nusu tumefunga mlango. Mchana saa nane jua linachoma ndio watoto wanakimbizwa kwenye michezo ya shule, jioni ikipoa wakaitwa ndani. Mimi nililelewa hivyo na ninyi pia. Na sisi watoto wa kike zaidi, kaka zangu wangeweza kuchelewa, mimi adhana ya magharibi ikinikuta barabarani ni maswali mpaka kesho yake. Nimecheza msituni usiku kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, ugenini, kwenye baridi. Hilo linanikera kuliko ninavyoweza kueleza.

Najua nitaambiwa naringa. Dada kaenda Ulaya sasa anatufundisha kutembea usiku. Jamani, mimi napanga maboksi ghalani usiku kucha, Western Union wananijua kwa sura, sina cha kuringia hapa. Na sijasema huku ni peponi. Hili giza lao linawaumiza wenyewe, watu wanakunywa vitamini D kama chai, wengine wanazama kwenye huzuni msimu mzima. Unacheza na mtu vikapu 18 anakwambia moi ya kusalimia na moikka ya kuaga, katikati kimya. Nyumbani vikapu 18 ningeshajua mpaka jina la mke wa shemeji yake. Wabaya wapo pia, na mwanamke mweusi msituni anajua kuangalia nyuma yake nchi yoyote.

Atakuja mwingine, dada vibaka je? Hapo ndio nataka tubishane vizuri. Kibaka anakaa wapi? Nenda pale penye chipsi na mishkaki, kuna taa, kuna watu, kuna mama anakaanga samaki mpaka saa tano, umeona nani anakabwa pale? Anayekabwa ni yule anayepita kwenye uchochoro ambao wote tumeukimbia. Tukishaukimbia usiku wote tumempa mwizi, halafu tunasema usiku ni wa wezi. Sisemi msichana mmoja atoke na tochi yake kesho, nina akili, nasema watu thelathini watoke pamoja na taa zao, kila Ijumaa, mahali pamoja, na wawe wanajulikana. Ramadhani tunafanya hivyo mwezi mzima, watoto wa kike wanatoka tarawehe saa nne usiku wanacheka barabarani na hakuna anayeuliza kitu. Kwa hiyo tunaweza. Mwezi ukiandama Shawwal tunarudi kujifungia, kwa nini?

Na umeme msinitajie, nawajua. Ndio maana nazungumzia tochi, haihitaji nguzo wala mita wala kumpigia mtu simu, sola ya kibati kimoja ambayo kila nyumba ya Katonga pale Kigoma sasa inayo inachaji tochi za kundi zima. Nyoka? Buti na taa pana, wakulima wanafanya hivyo kila siku wakienda kulinda mpunga. Hela? Kikapu ni duara la chuma, bomba na minyororo, fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Mwanga anakitoa kwa siku mbili ukimpa picha. Kisahani kisichong'aa kinabandikwa kitaa kidogo cha betri kwa selotepu chini yake, hata huku wanafanya hivyo kwenye mirusho mirefu.

Mimi Julai nakuja na visahani ishirini vya kijani na tochi mbili za 365, na nimeshaongea na mama, amenuna lakini hajakataa. Wasichana wa shule ndio nataka waanze. Kaka yangu mkubwa anasema hawataruhusiwa. Wataruhusiwa, mama zao tutawaalika waje na viti vyao, wakae palepale penye kikapu cha kwanza waone kila kitu. Ninachotafuta sasa ni eneo, popote kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, lenye miti kiasi, lisilo na mgogoro wa viwanja. Mwenye nalo aniambie kabla ya mwezi wa sita, nimtumie fundi hela ya vyuma.