Kurudi tulikotoka

Mtu au taasisi ikirudia jambo iliyoapa kuliacha, wengi husema haikuwa na nia tangu mwanzo. Mimi sikubali. Mara nyingi nia ilikuwepo, tena ya kweli. Anayekosekana ni wa kuilinda nia hiyo machungu yakishapoa.

Kisa kinachonisumbua kuliko vyote ni cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Tarehe 28 Januari 1986, chombo chake cha anga kiitwacho Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walisihi safari iahirishwe: baridi ilikuwa kali, na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingeweza kukakamaa zikapitisha gesi ya moto. Hawakusikilizwa. Baadaye tume iliundwa, makosa yakatajwa hadharani, ofisi mpya ya usalama ikaanzishwa, na vyombo vya aina hiyo vikakaa chini zaidi ya miaka 2.

Tarehe 1 Februari 2003, chombo kingine cha aina hiyo, Columbia, nacho kikasambaratika kikirejea duniani. Wakafa wengine 7. Kipande cha povu linalohami tangi la nje kilikuwa kimebanduka wakati wa kuruka kikagonga bawa la kushoto. Povu hilo lilishabanduka katika safari nyingi za nyuma, na kwa kuwa vyombo vilirudi salama, kasoro ikazoeleka. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha chombo kikiwa bado angani. Ombi lao halikupita. Bodi ya uchunguzi ikaandika wazi kwamba chanzo cha kitaasisi cha ajali ya Challenger kilikuwa hakijarekebishwa.

Miaka 17! Na ndani yake huoni siku ambayo mtu aliamka akasema turudi kule. Bajeti ilibanwa, wafanyakazi wakapunguzwa, ratiba ikaanza kuamuru, na kila safari iliyofanikiwa ikawa ushahidi kwamba tahadhari imezidi. Hilo la mwisho ndilo naliogopa zaidi. Kipindi cha amani ndicho kinachobomoa, maana anayeuliza maswali wakati mambo ni shwari huonekana mkorofi.

Kwa mtu mmoja mmoja mambo hayako mbali na hapo. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliwazoesha mbwa kutokwa na mate kwa ishara, kisha akawa anatoa ishara bila chakula mpaka mate yakakoma. Baada ya mapumziko, ishara ileile ikayarudisha. Zoea la zamani halikuwa limefutika, lilikuwa limezimwa tu. Ndiyo maana simlaumu aliyeacha pombe kwa muda mrefu kisha akateleza siku alipoketi tena na watu walewale, mahali palepale. Ningemuuliza kwanza ni kipi kilichobadilika katika maisha yake zaidi ya kiapo.

Kwa taasisi, swali langu ni nani mwenye mamlaka ya kusema hapana, na nani anamlipa mshahara. Bodi ya Columbia ilipendekeza mamlaka ya kiufundi iliyo huru, isiyo chini ya wale wanaokimbizana na ratiba. Naona hilo lina uzito kuliko semina na kaulimbiu zote za mageuzi. Mkaguzi anayepandishwa cheo na anayemkagua atanyamaza, hata awe mwadilifu kiasi gani, na pengine atanyamaza mwaka uleule ambao hakuna ajali yoyote iliyotokea.