Maji Yenye Homa

Mke wangu aliinyanyua foronya kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Hii imefuliwa au imeombewa tu?"

Palepale ninapolaza kichwa pamechorwa ramani ya manjano, na kwenye pindo unga wa sabuni umegandamana, haujayeyuka. Nikajibu kitaalamu: mafuta ya mwili ni magumu kutoka kwa maji baridi, na utitiri wa vumbi unataka nyuzi 60 ndipo ufe. Mimi kila nikifua mashuka nachagua "moto". Basi mwizi wa joto ni hita.

Nikaipandisha hita mpaka 70. Baadaye mama watoto akaingia kuoga, asiambiwe chochote. Aliyoyasema alipotoka na povu kichwani sitayaandika, ila marehemu bibi yangu alitajwa.

Sasa mashine yetu ni ile ya kufungulia juu. Haichemshi maji yenyewe. Inategemea mipira miwili kwa nyuma, mmoja wa maji ya moto, mwingine wa baridi. Nikawasha "moto", nikafunua, nikatia mkono. Baridi ya mtungini! Nikataka ushahidi wa namba, na kipimajoto pekee nyumbani ni cha homa. Ndani ya mashine kikaandika L, yaani joto halijafika hata 32. Nikakichovya kwenye maji ya moto ya sinki, kikaandika H na kulia pii pii pii. Kwa hiyo sinki lina homa kali, na mashine imeshakata roho.

Nikakumbuka kwamba maji yaliyolala bombani hupoa, na hayo ndiyo hutangulia kuingia. Dawa yake ni kufungua bomba la sinki lililo karibu mpaka yaje ya moto, ndipo uwashe mashine. Nikafanya hivyo. L.

Haya, birika la umeme. Linabeba lita 1.7, pipa la mashine linachukua kama 60. Nikachukua kalamu: birika moja linalochemka linapandisha maji yale nyuzi mbili tu. Ili yafike 60, nusu nzima ya pipa iwe maji yaliyochemka. Mabirika 18! Mtu mwenye akili angeishia kwenye hesabu. Mimi nikaanza kubeba. Kufika la saba, joto la lile la kwanza limeshaaga, jasho langu ndilo lililokuwa la moto kuliko maji, na mashine, imechoka kunisubiri au nimebofya kitu kwa kiwiko, ikamwaga maji yote na kuanza kusuuza.

Nikapiga kelele, nikatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko kuiokoa foronya.

Niliruka mpaka kwenye kapu la nguo chafu. Mvuke ulikuwa unapanda. Mashine inasuuza kwa maji ya kunyonyolea kuku!

Nikakaa chini, mkono ndani ya ndoo ya maji baridi, nikawaza. Kusuuza hutumia maji ya baridi. Kama ya baridi ndiyo haya... Nikaivuta mashine, nikachungulia nyuma. Mpira wa mstari mwekundu umekazwa kwenye koki ya bluu, na wa bluu kwenye nyekundu, vizuri kabisa, kwa nguvu za mwanamume.

Aliyeifunga namjua. Huonana naye kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni. Miaka miwili iliyopita alikataa kuita fundi, akaingia kule nyuma na tochi mdomoni, akafunga kwa kupapasa. Tangu hapo amekuwa akifua mashuka kwa baridi, anasuuza kwa moto, na nguo zikitoka na uvuguvugu anajisifu: "Umeona? Hizo zimefuliwa."

Halafu likanijia jambo zito zaidi. Masweta yangu! Hayo nimekuwa nikiyafua kwa "baridi". Sufu ukiipa joto na msukosuko, nyuzi zake hushikana na nguo husinyaa. Na mimi, sweta la tatu lilipokataa kupita kifuani, niliacha kula usiku. Miezi minne nalala na chai tupu.

Nikamkimbilia mke wangu, mkono ukidondosha maji. "Sikunenepa! Ni mipira ilipishana!"

Akanitazama usoni, akashuka taratibu mpaka tumboni, akatulia hapo.

"Na huo," akasema, "umefungwa kwenye koki gani?"