Eti "familia ya mfalme" iliwapiga waasi

Juzi nimeangalia video ya historia ya Ulaya yenye manukuu ya Kiswahili. Manukuu yakaniambia kwamba mwaka 1124 "familia ya mfalme" iliwashinda waasi pale Bourgthéroulde, Normandia. Nikamuona malkia kavaa deraya, watoto nyuma yake wamepangwa kwa urefu, kitinda mimba kashika ngao. Hongereni!

Mfalme mwenyewe ni Henry I wa Uingereza. Mwanawe wa pekee wa kiume wa ndoa alizama na Meli Nyeupe Novemba 1120. Bintiye Juliana ndiye aliyemlenga kwa upinde mwaka 1119 ili amuue, na msimlaumu upesi, kwa sababu babu huyo aliridhia wajukuu zake, mabinti wa Juliana, wapofushwe. Hiyo ndiyo familia ya kumpigania?

Sawa, wanawe wa nje ya ndoa walikuwa wengi, na baadhi walimpigania kweli. Nimekubali, tuendelee.

Familia regis, maneno ya Kilatini ambayo manukuu yaliyageuza kuwa "familia ya mfalme", walikuwa askari wa nyumbani kwa mfalme, wapanda farasi waliokula kwake na kulipwa naye. Kilatini kimelitoa neno hilo kwa famulus, mtumishi. Roma ya kale ilihesabu humo hata watumwa wa nyumba. Siku ile Henry hakuwapo vitani. Mmoja wa watu wake, Odo Borleng, aliwashusha baadhi ya wenzake kwenye farasi, wapiga mishale wakatangulizwa, farasi wa waasi wakaanguka, na Waleran wa Meulan akatekwa. Kwa simulizi ya mtawa Orderic Vitalis, Odo aliwauliza wenzake kabla ya mapigano: tukikimbia, tutathubutuje kusimama tena mbele ya mfalme? Tutakuwa hatustahili mshahara wake wala mkate wake. Mke na watoto hawaambiwi hivyo! Huyo ni mtu anayejua chumvi ya nani iko tumboni mwake, na ukimwita "familia" umefuta sababu yote ya yeye kubaki uwanjani.

Comitatus, wafuasi wa mkuu wa Kijerumani anaowataja Tacitus, mwanahistoria wa Roma ya kale, kwenye manukuu hayo hayo waliitwa "kamati". Sina la kusema. Labda walikuwa na mweka hazina.

Memoria nayo ikawa "kumbukumbu", kana kwamba Henry aliacha albamu ya picha. Alianzisha abasia ya Reading mwaka 1121, akazikwa humo Januari 1136, na watawa wakawa na wajibu wa kumwombea. Memoria ya aina hiyo ilikuwa kazi, yenye sala, sadaka na tarehe. Mtu wa Pwani ukimtajia hitima anakuelewa kabla hujamaliza. Abasia ilipovunjwa mwaka 1539, kazi hiyo ikakoma.

Kwa hiyo, ndugu mtafsiri, andika "askari wa nyumba ya mfalme". Ni ndefu kidogo, lakini kwenye skrini inaenea.