Mtoto Akilala, Uandike

Miongoni mwa mashauri yote ambayo mwandishi mchanga aliyejaliwa mtoto mchanga hupewa bila kuyaomba, hakuna linalotolewa kwa wepesi kama lile la kumwambia aandike mtoto akilala. Hulitoa shangazi, hulitoa rafiki wa zamani, hulitoa mgeni aliyekuja kumwona mtoto akakaa nusu saa, na hata fundi aliyeitwa kutengeneza bomba hulitoa huku akifunga mkoba wake. Kisha wote hurudi makwao wakalale. Mimi nimeacha kazi ya kuajiriwa ili niandike riwaya ya upelelezi, mwanangu ana miezi minne, mama yake amekwisharudi kazini, na kwa hiyo naomba niruhusiwe kulichunguza shauri hilo kwa utulivu ambao sina.

Kwa hesabu ya karatasini, shauri lenyewe halina dosari. Wataalamu wa usingizi wanasema kwamba mtoto aliyezaliwa karibuni hulala saa 14 hadi 17 katika siku nzima, na aliyefikisha miezi minne huhitaji saa 12 hadi 16, ukijumlisha za mchana na za usiku. Mtu akizisoma takwimu hizo kabla ya kuwa mzazi hujiona anakaribia kuwa mwandishi mwenye nafasi kuliko wote duniani. Saa 16! Kwa saa 16 kila siku mtu angeandika tamthilia, akaifanyia mazoezi na akaiigiza mwenyewe, wahusika wote. Jambo ambalo halitangazwi kwa herufi kubwa ni kwamba usingizi huo huja vipande vipande. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto mchanga ni wa dakika 50 hivi, ilhali wa mtu mzima hukaribia 90, na kila mzunguko unapokwisha mtoto hufika ukingoni mwa kuamka, akasikiliza nyumba, akaamua. Tumbo lake nalo ni dogo, ndiyo maana katika miezi ya mwanzo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, bila kubagua usiku na mchana. Usingizi wake, kwa kifupi, huuzwa rejareja, na uandishi ni biashara inayonunua kwa jumla.

Fundi wa bomba akipewa dakika 20 atakaza koki na maji yataacha kudondoka. Mwandishi akipewa dakika 20, kumi na tano za kwanza atazitumia kusoma alichoandika jana, akichukie, akifute, ajute, akirudishe. Mbili atazitumia kujiuliza kwa nini mshukiwa mkuu ameingia chumbani kwa koti la mvua wakati ukurasa uliotangulia unasema jua linawaka. Na ile sentensi ya kweli, iliyomtoa kazini kwa mwajiri aliyekuwa akilipa mshahara, itaanza kujitokeza katika dakika ya 18. Dakika ya 19 ndiyo aipendayo mwanangu.

Na hapo nimeruka kazi ya kumlaza, ambayo haihesabiwi na mshauri yeyote. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yao kuhusu jambo hili, wakaeleza kwamba mtoto anayelia abebwe na mzazi atembee naye kwa dakika 5 bila kusimamasimama, kisha akishapitiwa na usingizi mzazi aketi naye kwa dakika 5 hadi 8 zaidi ndipo amlaze. Waligundua pia kwamba kinachomshtua mtoto si kitanda, bali ni ile nukta ambapo mwili wake unaachana na mwili wa mzazi. Nawashukuru watafiti hao kwa moyo wote, kwa sababu zamani nilidhani ananionea mimi binafsi. Basi namtembeza sebuleni, naketi naye, nainuka naye polepole, nainama. Nashusha makalio yake, nashusha mgongo, nashusha kichwa, na mkono wangu wa kulia unabaki chini ya kisogo chake. Naanza kuutoa kidole baada ya kidole. Kidole cha tatu kinapotoka, mikono yake yote miwili inafunguka hewani ghafla, kwa ule mshtuko wa kimaumbile ambao watoto huzaliwa nao na ambao hutoweka kati ya miezi minne na sita, na ambao wangu hana haraka ya kuuaga. Jicho moja linafunguka. Mimi nimeganda vivyo hivyo, mgongo umepinda, pumzi nimeizuia, na goti langu, ambalo siku zote ni goti la kiungwana, linachagua sekunde hiyo kulia ko!

Ndiyo sababu mwanangu halali kitandani mchana. Hulala juu yangu. Hapa ndipo unapozuka mgogoro wa ardhi. Kompyuta mpakato inataka kupakatwa, na mtoto anataka kupakatwa, ilhali mapaja niliyo nayo ni yaleyale mawili. Kompyuta huishia kwenye mkono wa kochi, upande wangu wa kushoto, nami huandika kwa kidole kimoja cha mkono ambao tangu shuleni haukuwahi kushika kalamu. Mwanangu akiota hurusha mguu, na mguu huo ukifika kwenye vitufe hufanya kazi kwa kasi ambayo mimi sijawahi kuifikia: asubuhi moja ulijaza kurasa kadhaa kwa herufi ya j peke yake, ukamaliza kwa alama ya mshangao.

Nilipoona kidole kimoja hakitoshi, nikaanza kutumia programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Ni chombo cha ajabu, na ubaya wake ni kwamba kina bidii kuliko inavyohitajika na hakijui ni wakati gani mtu ameacha kutunga na ameanza kulea. Niliisomea tukio la mahojiano kituoni huku nikibadilisha nepi, kisha nikalituma kwa mhariri usiku uleule kwa kuwa tarehe ilikuwa imenibana. Ukurasa uliomfikia ulisomeka hivi: "Inspekta alimkazia macho mshukiwa, akavuta kiti, akasema kwa sauti nzito: usiku wa mauaji ulikuwa wapi, eeh, nani huyo amejaza, ni wewe, ni wewe mzee, ebu inua miguu baba akuone, loo, mpaka mgongoni, usishike, nimesema usishike huko." Mhariri wangu ni mtu makini asiyecheka ovyo. Alinijibu kwa barua ndefu kwamba mahojiano hayo yana uhai ambao sura tatu za kwanza hazina, kwamba mbinu ya inspekta ya kumkagua mshukiwa ni katili lakini inaaminika, na kwamba huyu mhusika mpya aitwaye Baba aletwe mapema zaidi, kwani ndiye pekee katika riwaya nzima anayeonekana kumjali mtu.

Afadhali mhariri, ambaye angalau anaamini kwamba ninafanya kazi. Watu wengine wote wameshakubaliana kwamba mtu aliye nyumbani mchana yuko likizo, na kwamba mwanamume aliye nyumbani mchana akiwa na mtoto begani na doa la maziwa lililokauka kwenye shati amepatwa na jambo linalopaswa kuzungumzwa kwa sauti ya chini. Huniuliza kama nimeanza kutafuta kazi. Nikisema ninaandika kitabu, huuliza kimefika wapi, na nikisema kimefika sura ya nne, humtazama mtoto, kisha hunitazama mimi, kisha husema kwa upole kwamba watoto ni baraka. Kisha, kwa kuwa niko nyumbani tu, huniomba niwapokelee mzigo unaoletwa, niwasubirie fundi wao, na niwaangalizie paka.

Nikithubutu kulalamika hutajiwa Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Mtu anayekutajia Toni Morrison hakutajii ili akufariji. Ni kweli kwamba mama huyo alikuwa akifanya kazi ya uhariri katika shirika la uchapishaji, akilea wana wawili peke yake, akiamka kabla ya mapambazuko ili aandike. Riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1970 na Tuzo ya Nobel ikamjia mwaka 1993. Namheshimu bila kiasi. Lakini habari yake husimuliwa kana kwamba kuamka alfajiri ndiko kulikokuwa kipaji chenyewe, na kwamba mimi ninayeamka usiku wa manane mara nyingi kuliko yeye ningepaswa kuwa nimeshaitwa Stockholm kupokea tuzo hiyo. Afueni kidogo naipata kwa Alice Munro wa Kanada, aliyepewa tuzo hiyohiyo mwaka 2013, kwa kuwa yeye alisema waziwazi kwamba aliangukia kwenye hadithi fupi kwa sababu watoto wadogo hawakumwachia muda wa riwaya. Huo ni ukweli wa mtu aliyewahi kusikiliza mlango wa chumba cha mtoto. Kwa mwendo wangu wa sasa, nami natoka kwenye riwaya naelekea kwenye hadithi fupi, na mtoto akianza kuota meno huenda nikaishia kuandika methali.

Yupo na mhakiki Mwingereza, Cyril Connolly, aliyedai mwaka 1938 kwamba sanaa nzuri haina adui wa kutisha kuliko kigari cha mtoto kilichoegeshwa ukumbini. Waandishi wenye watoto wamekuwa wakitupiwa maneno hayo tangu wakati huo, na wanaoyatupa huwa hawasemi kwamba alipoyaandika hakuwa na mtoto, na kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1960. Mimi nina kigari, kimeegeshwa ukumbini, na ninashuhudia kwamba amekisingizia. Kigari ndicho kifaa pekee humu ndani kilichowahi kunipatia aya nzima, mradi kiwe kinatembea; kikisimama, mtoto hudai maelezo. Kwa hiyo hukisukuma kwa mguu mbele na nyuma huku nikiandika, na msomaji makini wa sura ya tatu ataona kwamba sentensi zake zote huenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo.

Usiku tumepangiana zamu, mke wangu na mimi, kwa makubaliano ambayo yeye huyaheshimu akiwa macho na mimi huyaheshimu nikiwa nimelala. Sina ujasiri wa kumlalamikia, kwani yeye hukamua maziwa alfajiri, huenda kazini, hurudi na kumnyonyesha, na bado hukumbuka mahali zilipo soksi. Nilipomweleza kwamba ubunifu wangu unahitaji ukimya usiokatizwa, alinisikiliza hadi mwisho, akanikabidhi mtoto aliyekuwa bado hajacheulishwa, akasema: "Mume wangu, hata mimi ningeupenda huo." Nilichoandika saa tisa usiku baada ya hapo kina shahidi aliyezikwa ukurasa wa 61 na kupiga simu ukurasa wa 64.

Na wala usidhani kwamba shida itakwisha akilala kwa muda mrefu. Juzi alilala. Dakika 50 zikapita, akapita kwenye ukingo wake wa kuamka bila kutikisika, saa ya pili ikaingia, nyumba imetulia, kompyuta imekaa mezani mahali pa heshima, mikono yote miwili iko huru, na mimi sikuandika hata neno, kwa sababu nilikuwa nikienda kutazama kama anapumua. Nilitazama kifua, kikapanda na kushuka, nikaridhika, nikaketi, nikasimama tena. Safari ya mwisho sikuyaamini macho, nikaweka kiganja karibu na pua yake kwa uangalifu mkubwa, na kiganja changu kilikuwa cha baridi.

Mhariri amesikia habari zote hizi kwa simu, baadhi kutoka kwangu na baadhi moja kwa moja kutoka kwa mtoto, na kwa wema wake ameniongezea muda wa miezi miwili, akisema kufikia hapo mambo yatakuwa mepesi kwa kuwa kijana atakuwa amekua. Nimepiga hesabu. Miezi miwili ijayo atakuwa na miezi sita, umri ambao kwa kawaida jino la kwanza huanza kuota, chakula cha kulikizwa huanza kulishwa na kutemwa, na mkono hujifunza kunyakua kwa makusudi kile ambacho mguu ulikuwa ukikigonga kwa bahati. Hayo sikumwambia. Nilimshukuru, nikatia saini kwa mkono wa kushoto, na nikamtumia mkataba ukiwa na doa dogo la maziwa karibu na kifungu kinachohusu kuchelewa.