Jina la moduli ni la kerneli au la fundi?

Wiki iliyopita, kwenye maabara ya kompyuta ya sekondari moja huku Uyole, Mbeya, kijana ninayemfundisha kazi alihangaika na flashi isiyosomeka kwenye Linux. Akaandika lsmod | grep usb-storage, yaani achuje jina hilo kwenye orodha ya moduli zilizopakiwa (vipande vya programu, kama draiva, vinavyoendesha vifaa), kioo kikabaki kitupu. Akaamini moduli haijapakiwa, akaanza kutafuta diski ya kusimika mfumo upya. Nikamwambia aandike usb_storage. Ikajitokeza papo hapo. Kumbe shida ilikuwa tundu la USB lililolegea.

Faili la moduli hiyo linaitwa usb-storage.ko, lakini ikishaingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo, kistari cha kati kinageuka cha chini, maana jina hutumika ndani ya msimbo wa lugha ya C, na C hukisoma kistari cha kati kama alama ya kutoa. Amri ya modprobe, ya kupakia moduli, inapokea vyote viwili. Grep haina huruma hiyo.

Wapo mafundi wenzangu wa Mwanjelwa wasemao majina si kitu, na hoja yao ni nzito. Kerneli haichagui draiva kwa jina. Namba za kifaa, kama 10ec ya kampuni ya Realtek, hulinganishwa na orodha iliyo kwenye faili la modules.alias. Ungeiita moduli "ndizi", kadi ingefanya kazi vilevile. Tena majina ya zamani yameota mizizi: aliyezuia moduli kwa jina lake ndani ya folda ya mipangilio ya /etc/modprobe.d, jina likibadilika, siku akisasisha mfumo ataikuta imepakiwa tena, bila onyo lolote.

Ila kifaa kikigoma, fundi anabaki na jina. FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, walilifikiria hili: draiva zao nyingi za mtandao huanza na if_, za sauti snd_. Ukiona if_re.ko umeshajua ukoo wake, kama huku kwetu ukisikia jina la mtu linaanza na Mwa-, mawazo yanaenda Rungwe na Kyela kabla hajajieleza. Linux wana snd kwenye sauti, lakini kwenye mtandao kila mwandishi alijichagulia: r8169, e1000e, ath9k, iwlwifi. Na jina la chipu linapoteza watu. Hiyo r8169 ndiyo inayoendesha hata RTL8111 na RTL8168, kwa hiyo anayesoma maandishi juu ya chipu kisha akatafuta 8111 kwenye lsmod atatoka mikono mitupu.

Mimi nasema majina ya zamani yaachwe yalivyo, kwa sababu ya wale wa modprobe.d. Moduli mpya zipewe kiambishi cha ukoo, na faili liandikwe kwa kistari cha chini tangu mwanzo, ili kilicho kwenye folda ndicho kionekane kwenye lsmod. Majina yatarefuka kidogo, na hilo nalikubali.

Kwa sasa kijana wangu nimemwelekeza aandike grep usb.storage, kwa nukta, maana nukta inakubali herufi au alama yoyote mahali pale.